"Tutu" si kigugumizi

Mama mmoja kaniuliza kama mwanawe wa miaka 5, anayeomba "titombe" akitaka kikombe, ana kigugumizi. Ukikaa na wazazi nje ya chekechea yoyote hapa Dar, Mbagala mpaka Tegeta, utasikia kila mtoto asiyeeleweka vizuri akiambiwa ana kigugumizi. Jamani. Mwenye kigugumizi sauti anazo, ila zinakwama au zinajirudia: "n-n-nataka". Anayesema "tutu" badala ya kuku hakwami popote. Anatiririka, isipokuwa sauti moja imekalia kiti cha nyingine. Hilo ni tatizo la utamkaji, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Utamkaji wenyewe una sura mbili, na hapa ndipo watu wanaponichosha. Yupo mtoto ambaye mdomo wake haujaweza kuitengeneza sauti: s inatoka ulimi ukiwa kati ya meno, ndicho kithembe. Yupo na yule ambaye mdomo unaweza, lakini kichwani bado hajazitenganisha sauti mbili. Kila k kwake ni t: kuku ni tutu, kaka ni tata, kikombe ni titombe. Hajashindwa neno moja. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyofuata foleni ya mwendokasi.

Wazee watakwambia ulimi umefungwa, ukatwe kwa chini. Hebu tamka t, kisha k, polepole. T ni ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno; k ni shina la ulimi, huko ndani. Mtoto wa "tutu" anaitumia ncha mpaka inazidi. Sasa unamkata nini?

Huyo huwekewa picha mbili, taa na kaa. Akitaka kaa akasema "taa", anapewa taa. Anakunja uso, anajaribu tena, na kidogo kidogo anagundua kuwa sauti ile ndiyo inayobadilisha maana. Mwenye kithembe huonyeshwa ulimi ukae wapi, kisha hupandishwa kutoka sauti hadi silabi, neno na sentensi. Kupuliza maputo hakumfundishi sauti yeyote kati yao. Na wote wapimwe masikio kwanza, maana asiyesikia sawasawa ataiga nini?

Umri nao uangaliwe. Wa miaka 3 akisema "lafiki", mwache; r huchelewa. Lakini akifika miaka 4, hata mgeni anapaswa kuelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Anayesema "zahabu", au kuchanganya kula na kura kwa sababu lugha ya kwao haitenganishi r na l, hana ugonjwa wowote. Ana lafudhi, kama nusu ya abiria wa daladala.

Kwa hiyo, mama, huyo wako wa miaka 5 anayeomba "titombe" hana kigugumizi. Ukifika naye kliniki ya masikio, pua na koo, usiseme "hawezi kuongea". Sema "anabadilisha k kuwa t", kisha uliza mtaalamu wa tiba ya matamshi anapatikana siku gani.