Maji ya moto hayaondoi mafuta kwenye bomba la majitaka

Pengine umeshaupokea ujumbe huu kwenye makundi: mafuta yaliyobaki kwenye kikaango unaweza kuyamwaga kwenye sinki, mradi uyafuatishe na maji ya moto na sabuni ya vyombo. Si kweli.

Kinachowachanganya watu ni kwamba sinki linabaki safi. Joto huyeyusha mafuta, sabuni huyagawa katika matone madogo, nayo yanapotea machoni. Lakini bomba lililo chini ya ardhi ni baridi. Mbele kidogo maji yanapoa, sabuni inazimuliwa, na mafuta yanaanza kushika kwenye kuta za bomba. Yakikutana na kalsiamu iliyomo kwenye majitaka hugeuka tabaka gumu kama sabuni ya mche, linalonasa nywele na vitambaa vya kufutia. Bomba likiziba, majitaka hurudi juu, mara nyingi kwa jirani aliye upande wa chini ambaye hakumwaga chochote.

Jaribu mwenyewe. Weka vijiko viwili vya mafuta ya mgando kwenye kikombe kinachostahimili joto, ongeza maji ya moto na tone la sabuni, koroga, acha mpaka kesho. Utayakuta yamepanda juu na kuganda. Mafuta ya maji hayagandi hivyo, ila nayo hunata na kuongeza uchafu.

Mafuta yaliyobaki yaache yapoe, yatie kwenye kopo lenye kifuniko, yatupe na taka ngumu. Kikaango kifute kwa karatasi kabla ya kukiosha. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma jaribio hili la kikombe.