Joto la Dar si joto la Chalbi: maswali na majibu kwa wanaokwenda jangwani kwa gari

Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale imeisogeza karibu kaskazini ya Kenya. Mtu anaweza kutoka Dar na gari lake, akapita Namanga na Nairobi, akafika Marsabit baada ya zaidi ya kilomita 1,300, kisha akaiacha lami na kulikata jangwa la Chalbi hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Ni nchi ya kupendeza sana: uwanda wa chumvi mweupe hadi upeo wa macho, ngamia wa Wagabra na Warendille, vilima vya volkano, na ziwa kubwa katikati ya ukame. Ni nchi pia ambayo hospitali yenye daktari wa upasuaji inaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Maswali haya ni ya watu wa Dar wanaojiandaa na safari hiyo, nami nayajibu kama daktari.

Mimi ni mzaliwa wa Temeke, joto nimekua nalo. Kuna haja gani ya kuhofia joto la jangwani?

Haja ipo, na hili ndilo jambo ninalotaka kila msafiri kutoka Pwani alielewe kabla ya mengine yote. Joto la Dar lina unyevu. Ukitembea Kariakoo saa saba mchana wa Februari shati linakuganda mgongoni, jasho linakuingia machoni, na mwili wenyewe unakwambia: tafuta maji, kaa kivulini. Jangwani hewa ni kavu na ina upepo. Jasho linakauka pale pale linapotoka, kabla hujaliona. Shati halilowi. Unajiona uko sawa, pengine unasema kuna kaupepo kazuri, kumbe maji yanakutoka tangu asubuhi. Dalili ulizozoea nyumbani hazitakuja, na kiu nayo huchelewa.

Angalia ngozi na nguo baada ya saa chache: utaona vumbi jeupe la chumvi kwenye ukosi na kwapani. Hayo ni mabaki ya jasho ambalo hukuliona. Kipimo kizuri zaidi ni mkojo. Ukiwa na rangi ya njano hafifu, uko vizuri. Ukikolea kama chai ya rangi, au ukipitisha saa sita hujakojoa, umechelewa kunywa.

Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya. Mtu anayefanya kazi juani Dar ana nafuu kidogo. Anayetoka kwenye kiyoyozi cha nyumbani, akaingia cha gari, akaishia cha ofisini, mwili wake haujazoea joto lolote, hata kama alizaliwa Temeke.

Tuko sita, magari mawili. Tubebe maji kiasi gani?

Piga hesabu ya lita 5 za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku kama kiwango cha chini, zaidi kama mtakuwa mnatembea au kusukuma gari. Mkipanga siku tatu nje ya lami, ongezeni siku mbili za akiba. Hapo ni 5 mara 6 mara 5, yaani lita 150. Kwa madumu ya lita 20 hayo ni manane, na uzito wake ni kilo 160. Uzito huo uingizeni kwenye hesabu ya mzigo wa gari tangu Dar, msije mkashusha madumu mawili Marsabit ili mpate nafasi ya mahema. Maji ya kunawa, kupikia na ya rejeta ni hesabu nyingine.

Gawanyeni madumu kwenye magari yote mawili. Dumu lililobeba mafuta ya kula linafaa likioshwa vizuri kwa maji moto na sabuni. Lililobeba dizeli au dawa ya kilimo halifai, hata lioshwe mara kumi.

Kunyweni kidogo kidogo mfululizo, na msizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi kwa mkupuo hushusha chumvi kwenye damu, na mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Kuleni chakula chenye chumvi, bebeni na pakiti za ORS. Pakiti huchanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja, si kikombe. Zikiisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, vyote vya kupara, vinatosha.

Na gari likiharibika msiyabane maji. Aliye na kiu anywe. Kinachobanwa ni jasho: kaeni kwenye kivuli cha gari, nje yake, acheni kazi nzito hadi jua litue, wala mtu asiondoke kwa miguu kwenda kutafuta msaada. Gari huonekana kwa mbali, mtu mmoja haonekani.

Nitajuaje kwamba mtu amezidiwa na joto, na nifanye nini?

Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, kizunguzungu akisimama. Huyo bado yuko na akili zake. Mlaze kivulini, mlegeze nguo, mpe ORS taratibu, na kwa siku hiyo amemaliza kazi.

Akianza kuongea yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi, akagoma kujibu au akadondoka, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au limepita, na ubongo unaungua. Msisubiri kuona ngozi imekauka. Wengine hufika hapo huku wakitoka jasho. Msianze pia kwa kumpakia garini kukimbilia hospitali iliyo saa tano mbele. Anzeni kumpoza hapo hapo: mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, watu wawili wampepee kwa kanga bila kuacha, wekeni vitambaa vya maji shingoni, kwapani na kwenye kinena. Maji ya kunywa tumieni, hapa ndipo mahali pake. Kama hajitambui msimnyweshe chochote, mlazeni ubavu. Panadol haisaidii, kwa sababu joto hili si homa ya maambukizi. Akipata nafuu, au mkiwa mmeshampoza vya kutosha, ndipo safari ya hospitali ianze, madirisha yakiwa wazi na kupepea kukiendelea.

Jambo moja ambalo watu husahau kwa sababu linaonekana dogo: mtoto asiachwe ndani ya gari lililozimwa, hata kwa dakika chache za kupiga picha. Ndani ya dakika kumi joto humo linaweza kupanda kwa nyuzi kumi hivi.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari na presha, na ndiye aliyeipenda safari hii kuliko sisi sote. Tumwache?

Marahaba. Msimwache kabla hajaonana na daktari wake, na muende naye mkiwa na orodha ya dawa zake zote. Dawa za presha zinazokojoza hutoa maji na chumvi, na jangwani joto nalo linafanya kazi ile ile. Baadhi ya dawa nyingine za presha hupunguza uwezo wa moyo kuongeza kasi mwili unapotaka kujipoza, na zipo dawa za mafua na mzio zinazopunguza jasho. Daktari anaweza kubadili kipimo au muda wa kumeza. Mama asiache dawa kwa uamuzi wake, na ninyi msimwachishe.

Insulini ndiyo yenye kazi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi huvumilia takriban wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30, na gari lililoegeshwa Chalbi linapita hapo mapema sana. Hadi Marsabit tumieni deli lenye barafu, lakini fungeni chupa kwenye taulo zisigusane na barafu, kwa sababu insulini ikiganda imekufa hata ikiyeyuka tena. Mkishaiacha Marsabit msitegemee kupata barafu. Hapo chukueni mtungi mdogo wa udongo, wekeni insulini ndani kwenye mfuko usiopitisha maji, lowesheni mtungi kwa nje na uuweke kivulini penye upepo. Ukavu ule ule unaoiba jasho bila mtu kujua utaupoza mtungi vizuri kuliko ungepoa Dar. Vijiti vya kupimia sukari navyo huharibiwa na joto, vikae kwenye chombo chake mbali na dashibodi.

Na mtoto mwenye selimundu?

Hapa nitasema wazi: nisingempeleka. Upungufu wa maji huamsha maumivu ya selimundu, na usiku wa baridi baada ya mchana wa joto nao huyaamsha. Mtoto akishikwa akiwa mbali na damu, oksijeni na dawa kali za maumivu, hakuna mnachoweza kumfanyia. Marsabit yenyewe iko mlimani, ina msitu na ukungu. Ishieni hapo naye, kama daktari wake ataridhia, na mtakuwa mmeona mengi.

Wenye pumu wabebe pampu mbili, na zisikae kwenye jua. Vumbi la Chalbi ni laini na lina chumvi. Wenye ualbino wavae mikono mirefu, kofia pana na miwani, wapake mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa mbili. Uwanda mweupe hurudisha mwanga juu, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi.

Nikiumwa na nyoka au nge je?

Kule yupo nyoka mdogo wa rangi ya mchanga, wa jamii ya kifutu, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na saa, tuliza kiungo kisitikisike kwa kukifunga ubao, na gari liondoke. Epuka aspirini na diklofenaki kwa sababu huongeza kutokwa damu. Nge huuma vibaya sana lakini mara nyingi mtu mzima hupona. Mtoto apelekwe kituoni haraka. Kung'uta viatu kila asubuhi, na usiku usitembee bila tochi.

Dereva ajiandae vipi?

Alale. Kuliko nge, nyoka na joto, kinachoua wasafiri ni ajali za barabarani. Wanaotoka Kimara saa kumi alfajiri wakitaka kulala Nairobi siku hiyo hiyo wanajitafutia matatizo. Laleni Moshi au Arusha. Shukeni kila baada ya saa mbili, tembeeni kidogo ili damu isigande miguuni. Usiku jangwani gari lisitembee.

Kabla ya kuondoka, ulizeni kama bima yenu ya afya inafanya kazi Kenya. AMREF Flying Doctors, wanaorusha ndege za wagonjwa kutoka Nairobi tangu 1957, wana uanachama unaolipiwa mapema. Kwa safari hii fedha hiyo inatoka kabla ya fedha ya hema jipya. Mwachieni ndugu Dar ratiba ya kila siku na saa ya kupiga simu. Sehemu kubwa ya njia haina mtandao.

Maziwa ya ngamia na maji ya visima?

Maziwa yachemsheni, kwa heshima ya mwenyeji na kwa usalama wenu. Mabichi hubeba vijidudu vya ugonjwa wa brusela. Maji ya visima vingine yana chumvi nyingi na huharisha hata yakichemshwa, kwa kuwa kuchemsha na klorini huua vijidudu lakini haviondoi chumvi. Ziwa Turkana lina magadi na floraidi nyingi, si la kunywa, na lina mamba wengi. Ulizeni wenyeji kabla hata ya kunawa miguu.

Kadi ya njano inahitajika?

Ndiyo. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti kwa wanaotoka nchi hizo. Cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Waliozidi miaka 60, wajawazito na wenye kinga dhaifu waonane na daktari kwanza.

Tuende Desemba, watoto wakiwa likizo?

Juni ni bora. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikikolea, Chalbi hugeuka tope la chumvi na gari huzama hadi ekseli.

Tukirudi tuangalie nini?

Homa. Mkiwa bado njiani, pimeni malaria kwa kipimo cha haraka msije mkaisingizia jua. Nyumbani, kumbukeni kwamba Marsabit na Turkana kuna kala-azar, inayoenezwa na visubi wadogo wa mchangani wanaouma kuanzia magharibi. Ndiyo sababu ya kulala kwenye chandarua chenye dawa na kukaa mbali na vichuguu. Huweza kujitokeza miezi mingi baadaye: homa isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili, kukonda, tumbo kujaa upande wa kushoto kwa sababu ya bandama. Ipo dawa, na bila dawa huua. Dar ni rahisi mgonjwa kutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, kwa kuwa ugonjwa huo haumo kwenye mawazo ya watu hapa. Mwambie daktari kwamba ulilala Marsabit au Turkana na mwezi uliolala huko, hata kama hajakuuliza, hata kama nusu mwaka umepita.