Kazi Mpya na Uhodari wa Zamani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mtu hodari ni hodari popote

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo kwanza.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Harvard, Robert Huckman na Gary Pisano, walichapisha uchunguzi wao juu ya madaktari wa upasuaji wa moyo waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali zaidi ya moja kwa kipindi kimoja. Mtu yuleyule, mikono ileile, leo yuko huku na kesho yuko kule. Ilionekana kwamba kadiri daktari alivyopasua wagonjwa wengi katika hospitali fulani, ndivyo vifo vya wagonjwa wake vilivyopungua katika hospitali hiyo. Alipokwenda kwenye ile nyingine, faida ya mazoezi hayo haikumfuata. Sehemu ya uhodari wake ilibaki kwa watu na mpangilio aliouzoea: muuguzi anayejua kifaa kitakachoombwa kabla hakijaombwa, na timu inayomwelewa kwa jicho tu.

Mwenzao wa chuo hichohicho, Boris Groysberg, alifuatilia wachambuzi 1,052 wa hisa waliokuwa wakihesabiwa kuwa nyota wa Wall Street, kitovu cha fedha cha Marekani, kati ya mwaka 1988 na 1996. Kati ya waliohama kampuni, asilimia 46 walifanya vibaya mwaka uliofuata. Waliohama pamoja na timu zao walisalimika zaidi kuliko waliokwenda peke yao.

Kwa hiyo ukiona kazi uliyozoea kuimaliza asubuhi moja sasa inakula siku mbili, hujapungukiwa akili. Kule ulijua nani wa kumpigia simu, barua pepe ipi ni ya kupuuzwa, na bosi akinyamaza ana maana gani. Hayo yote yalikuwa sehemu ya uhodari wako, na hakuna hata moja linaloingia kwenye wasifu wa kuombea kazi. Wiki za mwanzo ni za kuyajenga upya. Anayezitumia kujionyesha anajenga ghorofa kabla ya msingi.

Dhana: Siku 100 za kwanza zinaamua kila kitu

Hesabu hii tumeirithi kutoka kwenye siasa. Rais wa Marekani Franklin Roosevelt aliitaja katika hotuba ya redio ya Julai 1933, akikumbuka kikao maalumu cha Bunge la Marekani kilichoanza Machi 9 na kwisha Juni 16, ambamo sheria nyingi kubwa zilipitishwa. Wanaoirudia hesabu hiyo husahau kutaja kwamba mabenki ya nchi yalikuwa yamefungwa, chama chake kilikuwa na wingi mkubwa bungeni, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuwa gavana wa New York kwa miaka minne. Mhasibu mpya hana hata kimoja cha hivyo. Na tukitaka kuwa wachokozi, zile Siku 100 za kwanza kabisa zilikuwa za Napoleon wa Ufaransa mwaka 1815, na ndani yake kuna Waterloo, vita alimoshindwa kabisa.

Miezi ya mwanzo ina uzito, sikatai. Ajira nyingi zina kipindi cha majaribio, mara nyingi miezi 3 hadi 6, na watu huwahi kumjengea mgeni picha. Lakini picha hiyo haijengwi na jambo moja kubwa. Inajengwa na mambo madogo: ulisema utaleta Alhamisi, ukaleta Alhamisi.

Dhana: Badilisha kitu mapema, waone umefika

Hapa najisema mwenyewe. Nilipopewa kusimamia stoo mahali fulani, nilikuta kila mzigo unaotoka unaandikwa mara mbili: kwenye kompyuta, kisha kwenye daftari chakavu ambalo dereva alilitia sahihi. Wiki ya pili nikalifuta lile daftari. Nilijiona nimeokoa muda wa watu, na hakuna aliyenipinga. Ule ukimya niliuchukua kuwa ni kukubali. Kumbe walikuwa wakinitazama tu.

Mwisho wa mwezi mteja mmoja akadai hakupokea mzigo. Kompyuta ilionyesha nani aliyeingiza taarifa. Haikuonyesha nani aliyebeba. Sahihi za madereva zilikuwa kwenye daftari peke yake, na daftari nilikuwa nimelifuta mimi.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Utaratibu unaoonekana wa kijinga una mambo mawili: ama ulikuwa na sababu ambayo imeshapita, ama sababu bado ipo na wewe huioni. Kutofautisha hayo mawili kunahitaji kuuliza, na kunahitaji kushuhudia angalau mwisho wa mwezi mmoja. Ukitaka kugusa kitu mapema, gusa kile ambacho wenyewe wanakilalamikia kila siku: printa inayokwama, kikao kisicho na ajenda. Huko hutabomoa ukuta wa mtu.

Dhana: Kuuliza sana kunakuaibisha

Mwaka 1975 Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu zake ni nyepesi kueleweka. Wageni hula muda wa wenyeji wanaowafundisha, na njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu: watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawiliwawili, watu 10 wana 45.

Maana yake ni kwamba gharama ya ugeni wako ipo, utake usitake. Usipouliza haifutiki, inaahirishwa tu, na hurudi ikiwa imenenepa. Kila swali pia lina umri wake. "Hii fomu ikitoka hapa huenda wapi?" ni swali la kawaida kabisa wiki ya pili, mwezi wa nane litafanya watu watazamane. Kinachochosha wenyeji ni kuulizwa jambo lilelile mara nne. Andika majibu.

Dhana: Nikipandishwa cheo hapahapa, mimi si mgeni

Ni mgeni, na ugeni wako ni mgumu zaidi kwa sababu hauonekani. Watu, mlango na kikombe chako cha chai ni vilevile, ila kazi si ileile. Utafiti mmoja juu ya wauzaji wa makampuni ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliokuwa wakiuza zaidi ndio waliopewa umeneja kwa urahisi, lakini kuuza kwao sana hakukuwafanya mameneja bora. Kwa wastani ilikuwa kinyume. Meneja mpya wa namna hii hurudi kwenye kile anachokijua: mteja mkubwa akipiga simu anamnyang'anya kijana wake na kumhudumia mwenyewe. Siku inapita vizuri, ila kijana hajajifunza kitu.

Dhana: Bosi atanieleza anachotaka

Mara nyingi hataeleza, na si kwa ubaya. Maelezo ya majukumu uliyopewa huenda yalinakiliwa kutoka kwa mtu wa miaka sita iliyopita. Muulize mwenyewe wiki ya kwanza: nini kikiwa kimefanyika baada ya miezi mitatu utasema nilifanya vizuri? Kisha ongeza la pili, ambalo wengi hulisahau: kitu gani nisikiguse kwa sasa?

Dhana: Nikiwa na hofu, basi sifai

Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika juu ya wanawake waliofanikiwa sana katika masomo na kazi, ambao bado walijiona wamewadanganya watu kwamba wanaweza. Hofu si kipimo cha uwezo. Tuendelee.

Dhana: Aliyekutangulia ni wa kuepukwa

Watu huogopa kuonekana hawajiwezi, au huona wanaingia ugomvi usiowahusu. Kama aliondoka kwa shari, sawa, tumia busara. Vinginevyo mtafute kabla ya kugusa chochote, maana makabidhiano ya kwenye karatasi hutaja funguo na mafaili, hayataji sababu.

Wangu alikuwa amehamia idara nyingine, ghorofa moja juu. Nilimpigia simu baada ya ule mzigo kupotea, yaani wiki tano nimechelewa. Alicheka kwanza. "Lile daftari nililianzisha mimi," akasema, "baada ya kukatwa mshahara kwa mzigo kama huohuo."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kununua daftari jipya.