Upasuaji wa moyo haukuanza na Barnard

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba upasuaji wa moyo ulianzia kwa Christiaan Barnard, Cape Town, Desemba 1967. Sivyo. Barnard alikuwa wa kwanza kumpandikiza mtu moyo wa mtu mwingine, na heshima hiyo ni yake. Lakini moyo ulishashonwa miaka 71 kabla.

Septemba 1896, mjini Frankfurt, kijana aliyechomwa kisu kifuani alifikishwa kwa daktari Ludwig Rehn. Rehn alifungua kifua, akakuta tundu kwenye chumba cha chini cha kulia cha moyo, damu ikitoka. Moyo ukiwa bado unapiga, alipitisha sindano kila ulipolegea, akashona kwa nyuzi tatu za hariri. Kijana akapona! Kwangu mimi, huo ndio ujasiri mkubwa kuliko wote.

Lakini upasuaji wa kifua ulikuwa na kikwazo, nacho ni pafu, maana kifua kikifunguliwa, hewa huingia na pafu husinyaa. Mwaka 1904 daktari Ferdinand Sauerbruch alitengeneza chumba chenye shinikizo dogo la hewa, kichwa cha mgonjwa kikibaki nje, ili pafu lisisinyae. Kisha 1953, Philadelphia, daktari John Gibbon aliziba tundu la moyo wa binti wa miaka 18, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mashine ya aina hiyo ndiyo iliyomwezesha Barnard kuutoa moyo kifuani.