Bei ya Sifa Mbaya: Jangwani kwa Jicho la Mthamini

Kazi yangu ni kuthamini nyumba na viwanja. Ukiifanya kazi hii Dar es Salaam unajua mapema kwamba kuna mitaa ambayo watu wameshaipangia bei kabla ya kuikanyaga, na Jangwani ni mmojawapo. Taja tu ofisini kwamba kesho unakwenda kukagua nyumba Jangwani: hakosi mtu wa kuuliza kama umebeba gambuti, na hakosi mwingine wa kuulizia vyura.

Nianze na hao vyura. Young Africans, yaani Yanga, klabu ya soka iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake makuu kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na pembeni ya jengo hilo ndipo ulipo Uwanja wa Kaunda, uliopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Timu ilikuwa ikifanya mazoezi hapo hapo nyumbani kwake. Baadaye maji yakaushinda uwanja. Kwa miaka mingi watu waliufahamu kwa matete, madimbwi na magoli yaliyobaki peke yake, huku timu ikihangaika na viwanja vya watu kabla ya kupata kambi Avic Town, Kigamboni. Mashabiki wa Simba hawakuhitaji zaidi ya hapo: Yanga wakawa vyura wa Jangwani. Na Simba ndio wenye makao kwenye Mtaa wa Msimbazi, jina lile lile la mto unaofanya fujo yote hii, lakini hakuna anayewaita vyura. Utani hauna haki.

Utani wa jadi wenyewe sina neno nao. Shida ni kwamba jiwe lililorushwa kwa klabu limetua kwenye mabati ya majirani. Mtu wa Tabata au Mbezi ambaye hajawahi kushuka kituo cha Jangwani ana picha mbili kichwani: ile ya uwanja uliojaa maji, na ile ya taarifa ya habari, kamera ikiwa imesimama kwenye daraja la Barabara ya Morogoro, maji ya kahawia yanapita juu ya lami, polisi wamefunga njia. Ongeza na anachokiona mwenyewe dirishani mwa basi la mwendokasi kati ya vituo vya Faya na Magomeni Mapipa, safari ya dakika chache tu: bonde, matete, mchanga, plastiki zilizonasa kwenye vichaka. Kwa picha hizo anahitimisha habari za kata nzima.

Kumbe alichokiona ni bonde, na watu wengi wa Jangwani hawakai bondeni. Ukitoka kwenye daraja kuelekea Kariakoo ardhi inapanda. Haipandi kwa namna ya kukutoa jasho, lakini kwa maji mita mbili ni habari nyingine kabisa. Kuna nyumba huko juu ambazo msingi wake haujawahi kuonja mafuriko, na kuna nyumba za chini ambazo kila masika zinaonja. Umbali kati yake unautembea huku simu yako bado inaita. Kwenye mazungumzo ya mjini zote ni "Jangwani kwenye maji".

Kwa nini uwanja ulizama? Wengi wanasema klabu ilijenga majini. Jibu hilo ni jepesi mno. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Ukonga, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unakwenda kuingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Uwanja ulipojengwa, sehemu kubwa ya huko juu ilikuwa mashamba na vichaka, na mvua ikinyesha ardhi ilikuwa inainywa. Leo huko juu ni mabati na lami. Maji yanashuka yote kwa pamoja, yamebeba mchanga wa makorongo na takataka zetu, na yakifika Jangwani, mahali ambapo bonde linatanuka na mwendo unapungua, yanatua mzigo. Mto unajijaza kutoka chini. Serikali inaleta makatapila kuzoa mchanga chini ya daraja, mvua zinarudi, mchanga unarudi. Mvua kubwa ikikutana na bamvua ndiyo basi tena, maana bahari nayo inasukuma kurudi. Uwanja wa Kaunda ulibaki pale pale ulipokuwa; jirani yake mto ndiye aliyepanda. Unaweza kuvuta maji kwa pampu mpaka mafuta yakuishie, lakini kama sakafu yako iko chini ya sakafu ya mto, unavuta mto.

Sasa tuje kwenye fani yangu, maana hapa ndipo sifa inapogeuka kuwa shilingi.

Nyumba ya kuishi mara nyingi tunaithamini kwa ulinganisho. Unatafuta nyumba zinazofanana nayo, zilizouzwa karibuni, katika eneo hilo hilo, halafu unarekebisha tofauti: hii ina ukuta, ile haina, hii ina hati, ile ina karatasi ya serikali ya mtaa. Njia hiyo ni nzuri mahali ambapo nyumba zinauzwa kila mara. Jangwani haziuzwi ovyo. Nyingi ni nyumba za Kiswahili za familia, korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mwenye nyumba ni marehemu. Warithi wako saba, wawili wako Tanga, mmoja Muscat, na kikao cha kuuza hakijawahi kufikia muafaka. Basi anayeuza ni nani? Ni yule aliyebanwa. Maji yamemwingilia Aprili, godoro limeoza, ada ya shule inasubiri, mwezi wa tano anamwita dalali na kuchukua bei yoyote.

Mauzo hayo ya mwezi wa tano ndiyo yanayoingia kwenye daftari. Mthamini anayekuja Oktoba kukagua nyumba ya juu, kavu, isiyo na historia ya maji, anatafuta ulinganisho na anakuta bei za waliobanwa. Akiwa mvivu anazichukua kama zilivyo. Benki nayo haitazami thamani ya soko peke yake; inataka thamani ya mauzo ya lazima, yaani itapata nini ikiiuza haraka mkopo ukishindikana, na hapo panakatwa tena. Mwenye nyumba aliyetaka mkopo wa kuinua ua wake na kujenga vyumba viwili vya kupangisha anapewa fedha ya kununulia rangi. Nyumba inazidi kuchakaa. Anayepita anaiona imechakaa, anasema si nilikwambia, Jangwani bwana.

Nimeshawahi kukaa kikao kimoja na afisa mikopo ambaye ripoti hakuifungua kabisa. Alisoma jina la kata kwenye jalada, akaisukuma pembeni kwa kidole. Ndani ya ripoti hiyo kulikuwa na vipimo vya mwinuko wa kiwanja.

Nyumba yenyewe haifichi ukweli, ukijua pa kuangalia. Mimi naanza na soketi. Kama soketi za umeme ziko usawa wa kifua badala ya goti, hapa maji yameshaingia na fundi aliambiwa azipandishe. Halafu kizingiti cha mlango: kipande cha zege unachoruka kuingia ndani, kimejengwa mara mbili, rangi ya saruji ya chini tofauti na ya juu, ina maana kuna mwaka maji yalivuka kile cha kwanza. Halafu lipu. Maji yakishanyonywa na ukuta wa matofali ya mchanga yanaacha chumvi, lipu inavimba, ukiigusa inabanduka kama ganda la muhogo, na inaishia kwenye mstari mnyoofu kuzunguka chumba kizima. Mstari huo naupima kwa futi kamba. Wengine wanaufunika kwa rangi ya mafuta ya kijivu mpaka kiunoni, na rangi hiyo nayo inakuwa ushahidi. Nikihamia nyumba ya juu, soketi ziko chini, lipu ya zamani iko palepale, miguu ya kabati haijawekewa matofali. Mtu akinikuta nimechuchumaa nyuma ya kabati la mwenzangu na tochi anadhani natafuta panya.

Ila kabla ya kufikia kabati lazima mlango ufunguliwe, na hilo nalo ni kazi. Watu wa bondeni wakimwona mtu mwenye futi kamba na jalada wanakumbuka Desemba 2015, bomoabomoa ya bonde la Msimbazi na alama ya X nyekundu ukutani. Watoto wakipiga kelele kwamba watu wa X wamekuja, milango inafungwa mtaa mzima. Hapo lazima nimtafute mjumbe, nikae kwenye benchi lake, nipige hodi tena kwa adabu na shikamoo za kutosha, nieleze kwamba nimeitwa na mwenye nyumba.

Kisheria mambo hayakuwa ya siri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wa nje wakisoma hivyo wanasema wakazi ni wabishi, wamejitakia. Lakini wapo waliokuwa na leseni za makazi, mita ya umeme na stakabadhi za kodi ya majengo. Mwaka 2011, mafuriko ya Desemba yalipoua watu zaidi ya 40 jijini, baadhi ya waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali na soko, mbali na hospitali, mbali na kila kibarua walichokuwa nacho. Miaka michache baadaye, kwenye bonde hilo hilo, ikajengwa karakana na maegesho ya mabasi ya mwendokasi, mradi ulioanza kubeba abiria mwaka 2016. Mvua zilipokuja mabasi yakalala majini. Sikumsikia mtu akisema wenye mabasi ni wabishi. Maskini akijenga bondeni ni ujinga, mradi ukijenga bondeni ni changamoto.

Na usalama? Sitasema hakuna vibaka. Viwanja vipana visivyo na taa, uzio uliobomoka, vichaka na uwanja uliokufa katikati: usiku mimi mwenyewe sikatizi, na bodaboda wengi watakuzungusha kwa barabara ya lami. Hatari hiyo ni ya mahali pasipo macho, na ungeikuta popote penye eneo kubwa lisilo na mtu wa kulilinda. Mchana eneo hilo hilo lina shule kubwa za jiji kando yake, Azania na Jangwani, na Muhimbili haiko mbali. Agosti 2015 CCM walizindua kampeni zao viwanja vya Jangwani, na kabla ya wiki kuisha Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, nao wakazindua za kwao hapo hapo. Umati ulikuwa hauonyeshi ardhi. Siku zile Jangwani palikuwa pa kupigia picha.

Wenyeji wameshajifunza kuishi na jina. Kijana akiulizwa kwenye usaili anakaa wapi, anasema Faya. Mwingine anasema Kariakoo, na hajadanganya. Wapangishaji wenye nyumba kavu wanatangaza vyumba vyao kama "Upanga kwa nyuma", na dalali anayepokea kodi ya mwezi mmoja kama udalali wake anajua kabisa kwamba ramani haikubali.

Upepo sasa unageuka. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo mwaka 2022, unalenga kupanua mto, kuinua daraja jipya la Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi na kuacha bustani kubwa ya jiji. Mipango ya uwanja mpya wa Yanga nayo imetangazwa kwa nyakati tofauti, kila mmoja na michoro yake inayong'aa. Kabla nguzo ya kwanza haijasimama, dalali alishapandisha bei. Nyumba za juu, zile zile zilizonyimwa mikopo kwa sababu ya jina, zinatafutwa na watu wanaokuja na magari ya vioo vyeusi na kuongea na mrithi mmoja mmoja pembeni.

Hapo nina ushauri wa kikazi. Kama familia yako ina nyumba pale, msikubali kuuziana kwa bei ya masika. Itisheni uthamini wakati wa kiangazi, mkamwonyeshe mthamini wenu vipimo vya mwinuko na picha za ukuta za miaka iliyopita, na kama nyumba haijawahi kuingia maji, mwambieni aliandike hilo kwa maneno, na asikubali jina la kata limsemee. Na kama mmefikiwa na mradi wa umma, kumbukeni fidia ni zaidi ya matofali: kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya soko ya miezi 36. Kodi ya soko hiyo inatafutwa na mtu kama mimi. Mwulizeni ameitoa kwenye nyumba gani, na mwezi gani.