Rathaus ya Basel ni jengo la nini hasa?

Ukifika Basel kule Uswisi, mji mkongwe, pale Marktplatz, uwanja wa soko, kuna jengo jekundu ambalo huwezi kulikosa, jekundu kweli kweli, kuta zimejaa michoro na ngao na dhahabu hadi mtu unajiuliza hawa jamaa walikuwa na shida gani na ukuta mtupu. Ndo Rathaus hiyo, nyumba ya baraza. Sasa wengi wakisikia hivyo wanajua ni ofisi ya manispaa, unaenda kulipia leseni ya biashara na kupiga foleni. Sio hivyo.

Rathaus ni mahali baraza linalotawala linapokaa kuamua mambo. Zamani Basel ilikuwa chini ya askofu, na wafanyabiashara na mafundi wa mji wakawa wanamnyang'anya madaraka kidogokidogo, mwaka 1501 wakajiunga na shirikisho la Uswisi, 1504 hao wakaanza kujenga, 1514 wakamaliza. Kwa hiyo ule urembo wote ni siasa, ni kumwambia askofu na majirani kwamba hapa tunajitawala wenyewe. Ila mnara ule mrefu usikudanganye, uliongezwa karibu na mwaka 1900.

Na kazi haijaisha, sio makumbusho. Bunge la jimbo la Basel-Stadt, wajumbe 100, linakaa humo mpaka leo, pamoja na serikali ya jimbo yenye watu 7. Kitu cha ajabu kidogo ni kwamba jiji la Basel halina serikali yake peke yake, hao hao wa jimbo ndo wanaendesha na jiji.

Hans Holbein mwenyewe, yule mchoraji maarufu, alipewa kazi ya kuchora kuta za ukumbi wa baraza kuanzia 1521, bahati mbaya unyevu ukaila michoro hiyo, vimebaki vipande tu. Unyevu hapo sio wa kushangaa, mto Birsig unapita chini ya uwanja huo huo, siku hizi umefunikwa huuoni, lakini 1529 na 1530 ulifurika vibaya na kwenye jengo kuna alama ya maji yalipofika.

Ukiingia uani utakuta sanamu ya Munatius Plancus, jenerali wa Kirumi, amesimama kama mwenye mji, wakati koloni aliyoanzisha ni Augusta Raurica, pale jirani tu, sio Basel yenyewe.