Ngitili, sheria ndogo na kazi halisi ya mkoa katika kutunza mazingira

Ninapoulizwa ni nani hasa mwenye dhamana ya kutunza mazingira katika mkoa, huwa natambua kwamba muulizaji anatarajia nimtajie ofisi moja. Wengi hudhani kwamba Mkuu wa Mkoa akipiga marufuku ukataji wa miti, basi miti imepona. Nimefanya kazi ya misitu kwa miaka mingi, na nimeona kwamba marufuku ya namna hiyo hudumu wiki chache tu pale ambapo hakuna kijiji kilichoipokea na kuifanya kuwa neno lake chenyewe. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Shinyanga, kwa sababu huko mkoa ulishindwa kwanza, ukajifunza, ndipo ukafanikiwa.

Ardhi ya Usukuma, ambako Shinyanga ipo, ilikuwa na miombo na migunga mingi. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba kikafuata, mifugo ikaongezeka, na kuni zikazidi kutafutwa mbali. Hata hivyo Wasukuma walikuwa na dawa yao ya asili, nayo ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likaachwa majani yaote na yakomae, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza, wakati mabua mashambani yamekwisha. Wanaoingizwa kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai watakaolima msimu unaofuata. Kaya nyingi zilipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, ziliacha nyuma ngitili zao, na eneo lisilo na mwenyewe karibu halina mlinzi. Katikati ya miaka ya 1980 ngitili zilizosalia mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi tu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi tunaijua kwa jina la HASHI. Miaka yake ya mwanzo ilitumika kuotesha miche ya miti ya kigeni katika vitalu vikubwa na kuigawa kwa wananchi, na sehemu kubwa ya juhudi hiyo haikuzaa matunda yaliyotarajiwa. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipokubali kuwasikiliza wazee na kuelekeza nguvu kwenye visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini, zikisubiri kupumzishwa tu. Ngitili zikarudi, nyingine za kaya, nyingine za kijiji au za shule, zikilindwa kwa maamuzi ya dagashida, yaani baraza la jadi, na kwa ulinzi wa sungusungu. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimefikia angalau hekta 350,000 katika vijiji 833 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe. Ongezeko la kiasi hicho haliwezi kupatikana kwa amri, wala kwa miche. Lilipatikana kwa sababu mwenye ng'ombe aliona faida yake mwenyewe, na serikali ikatambua utaratibu ambao tayari aliuamini.

Ni haki nitaje pia njia nyingine. Katika Dodoma, chini ya programu ya Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) iliyoanza mwaka 1973, serikali iliamuru mwaka 1979 mifugo yote iondolewe katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi, na anayepita huko anaweza kuuona. Lakini mifugo ile haikutoweka duniani. Ilipelekwa maeneo mengine, na mzigo wa malisho ukahama pamoja nayo, huku kaya zikipoteza maziwa na samadi. Siilaani hatua ile, kwani makorongo ya Kondoa yalikuwa ya kutisha. Ninachosema ni kwamba gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Leo muundo wetu hapa Tanzania unatokana hasa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sekretarieti ya mkoa ina mtaalamu wa mazingira ambaye kazi yake ni kuratibu, kushauri, na kuunganisha halmashauri na ngazi ya taifa. Halmashauri ina afisa mazingira, na chini yake zipo kamati za mazingira za kata na kijiji. Sheria hiyo ndiyo inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Msomaji aone jambo moja hapa: mkoa ni mkono wa serikali kuu, haumiliki msitu wa kijiji wala hautungi sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia.

Uwezo huo hupita katika mlango mwembamba. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu ya sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji huijadili na kuipitisha, rasimu hupitia katani, kisha baraza la madiwani wa wilaya huiidhinisha. Kabla ya idhini hiyo, kamati ya kijiji ikimkamata mchoma mkaa na kumtoza faini, yeye ndiye anayeweza kuishtaki kamati. Nimewahi kukaa na wazee waliotuonyesha mpaka wa msitu wao, kichuguu kwa kichuguu, mti kwa mti, ilhali rasimu yao ilikuwa imekaa wilayani zaidi ya mwaka mmoja bila kuingizwa katika ajenda ya kikao. Vijana waliojitolea kufanya doria walikuwa wameshaacha. Niliumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewakatalia. Walikuwa wamesahauliwa tu.

Lipo pia suala la mapato, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao ya misitu, ukiwemo wa mkaa, na mapato hayo huingia katika bajeti ile ile inayomlipia afisa mazingira mafuta ya pikipiki. Hivyo mlinzi hutegemea sehemu ya kile anachokilinda. Mkoa, kwa kuwa haukusanyi ushuru huo, ndio wenye nafasi ya kuuliza kwa uhuru ni kiasi gani kinakatwa na ni kiasi gani kinaota tena.

Kwa hiyo mtaalamu wa mkoa anapoomba ushauri wangu kuhusu pa kuanzia, huwa simwelekezi kwenye siku ya kupanda miti. Humwomba azunguke katika ofisi za wanasheria wa halmashauri zote za mkoa wake, aandike orodha ya rasimu za sheria ndogo za vijiji zinazosubiri idhini, na kando ya kila rasimu aandike tarehe ambayo rasimu hiyo ilifika.